Mtu wa Tatu Kando ya Weruweru

Niliwaona kabla wao hawajaniona. Walikuwa wawili, wameinama kwenye ukingo wa daraja la Weruweru, baiskeli zao zimeegemezwa pamoja, na yule aliyevaa jaketi la rangi ya chungwa alikuwa anamwonyesha mwenzake kitu kule chini majini. Jaketi sikulijua. Mgongo niliujua. Ulikuwa mgongo wa Aminieli, rafiki yangu, na ilikuwa Jumamosi ambayo aliniambia kifua kimembana, hatatoka.

Aliyekuwa anaonyeshwa alikuwa Sirili.

Niligeuza baiskeli nikarudi Shirimatunda bila kupiga kengele. Ilikuwa Julai ya tisini na sita, ukungu wa mlima umeshuka mpaka barabara ya Arusha, malori yanapita taa zinawaka asubuhi kweupe. Meno yalikuwa yanagongana mdomoni, na si kwa baridi. Ulikuwa wivu. Nasema neno lenyewe, maana nimechoka na watu wanaofunika maneno kwa majani ya mgomba.

Huyu Sirili lazima nimweleze, kwa sababu nchi hii inasahau upesi, na wanaosahau upesi zaidi ni wale waliotuumiza.

Miaka ile ya chama kimoja Sirili alikuwa katibu wetu. Tuliitwa mkutano wa wakulima wa kahawa, watu wa Kibosho na wa Machame tumechanganywa uwanja mmoja, nami nikasimama kuuliza kwa nini mkulima apewe malipo ya kwanza leo na ya mwisho asijue lini. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mengine niliyojua niliyapata kwenye magazeti ya kufungia nyama. Nilikuwa nayaanika juani yakikauka nayasoma, damu na yote. Sirili alilijua hilo. Akaniacha nimalize, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa upole kabisa: "Ndugu wananchi, mmelisikia. Gazeti la nyama limesema."

Uwanja ukaangua kicheko. Walicheka hata wale niliokuwa nawasemea. Tangu siku hiyo mimi ni Gazeti. Fabian nililobatizwa nalo limebaki kwenye cheti. Watoto wangu wameitwa watoto wa Gazeti shuleni, na mama yangu alizikwa na watu waliosema wanamzika mama Gazeti.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa fundi wa vipaza sauti, kijana wa Machame aliyekodiwa na mashine zake. Nilipotaka kumjibu Sirili, naye akamwamuru anizimie sauti, kijana akainama chini ya meza akajifanya waya umenasa, akahangaika nao mpaka nikapata kusema mengine mawili matatu. Huyo ndiye Aminieli. Sasa mnaelewa kwa nini niligeuza baiskeli.

Kuangalia ndege tulianza bila kukusudia. Aminieli alifungua kibanda cha kutengeneza redio pale Pasua, na spea nyingine alikuwa anazifuata sokoni Bomang'ombe. Nikawa namsindikiza. Tulikuwa tunaiacha lami darajani na kushika njia ya ng'ombe iliyofuata mto, chini ya mikuyu. Ndipo siku moja ya baridi tulipowaona: kwarara wamejikunyata tawini kama wazee kwenye matanga, manyoya yamevimba, hawataki kuruka. Wakati wa joto ndege huwezi kumsogelea. Lakini Juni mpaka Agosti masika yamekwisha, maji yametulia na kuwa safi, na baridi inawachelewesha kitandani. Unapita hatua chache tu kutoka kwao, wanakutazama kwa jicho moja, basi.

Kwa sharti usisimame. Hili tulijifunza wenyewe. Ndege haogopi baiskeli, anaogopa mtu anayesimama. Kwa hiyo tukagawana kazi. Wa mbele anaangalia njia na maji: mdiria, yangeyange, bata. Wa nyuma, ambaye hana haja ya kuangalia njia maana anafuata gurudumu la mwenzake, anaangalia juu, matawini: hondohondo, tai, wale wa kijani ambao wakiruka mabawa yanawaka mekundu. Tunasemezana kwa sauti ya chini, kila mmoja anamwambia mwenzake kile ambacho mwenzake hawezi kukiona. Mimi ndiye wa mbele, Aminieli ndiye wa nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoyajua matawi ya Weruweru kwa macho ya Aminieli, naye akayajua maji kwa macho yangu. Niambieni, mtu wa tatu anakaa wapi hapo?

Na tulikuwa na ndege mmoja ambaye hatukumtangaza. Anaogelea chini ya matawi yaliyolala juu ya maji, amejificha kama mdaiwa, miguu yake myekundu kama pilipili. Jina lake hatukulijua. Tuliahidiana asijue mtu, kwa sababu tuliishi katika nchi ambayo kila kilichojulikana kiliuzwa. Viwanda vilikuwa vinauzwa, mashamba yanauzwa, watu waliokuwa wanatuhubiria ujamaa wamepata leseni na kadi za biashara. Sirili mwenyewe alishafungua kampuni ya kupeleka wageni mlimani. Alikuwa na baiskeli ya gia aliyoachiwa na mgeni, na darubini shingoni. Zamani alituita "ndugu". Siku hizi anaita watu "bosi".

Jumatatu nikaenda Pasua. Aminieli alikuwa kwenye kibanda chake, ameinamia redio iliyopasuliwa, na lile jaketi limetundikwa msumarini nyuma yake. Likawa linaniangalia.

"Kifua kimepona?" nikamuuliza.

"Kinaendelea vizuri, namshukuru Mungu."

"Hewa ya darajani ni dawa. Hasa ukiwa na daktari."

Akaweka bisibisi chini. "Nani amekuambia?"

"Macho yangu. Hayo hayo uliyokuwa unaambiwa nayo kuna nini majini."

"Gazeti, hebu kaa."

"Sikai. Umemwonyesha?"

"Nimemwonyesha nini?"

"Usinichezee, Aminieli. Wa miguu myekundu."

Mteja aliyekuwa anasubiri redio yake, mama mmoja wa sokoni, akajifanya anahesabu nyanya kwenye kikapu.

"Alinibembeleza sana," Aminieli akasema. "Ana kitabu, bwana. Ndege wote wamo, wamechorwa kwa rangi. Nilitaka tu kujua anaitwa nani. Wewe hukuwahi kutaka kujua?"

"Mimi nilijua anaitwa wetu."

Yule mama akacheka. "Haya mambo ya ndege mbona yanafanana na ya ndoa?"

"Mama, nunua betri uondoke," nikamwambia.

"Betri sina haja nazo, nasubiri kesi iishe."

Aminieli naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichonimaliza. Nilimwambia uwanja mzima uliponicheka ni yeye peke yake hakucheka, na kumbe alikuwa anakiweka akiba. Nikamwambia jaketi lake linaonekana mpaka Bomang'ombe, ndege watafikiri shamba linaungua. Nikamwambia asikanyage kwangu. Kisha nikaondoka.

Sasa, kwetu uchaggani kuna jani. Mnalijua, isale, lile tunalopanda mipakani. Mtu akikukosea, akavunja isale, akakuletea mkononi, umekwisha. Hata kama alikuchomea nyumba, ukishalipokea umesamehe, na jambo hilo hulitaji tena maisha yako yote. Kulikataa hadharani ni aibu kubwa. Wazee walisema hata ardhi inamkataa mtu wa namna hiyo. Wakatoliki tunalishika, Walutheri wanalishika, mapadre na wachungaji wameshindwa kulipinga.

Nilijua Aminieli atalileta. Nami sikutaka kusamehe. Hasira yangu ilikuwa bado nzima, nilitaka kukaa nayo kidogo. Lakini jani likikufikia huwezi kulipa kisogo. Njia ni moja tu, kutokuwepo.

Siku iliyofuata nilikuwa natoka mjini, nimefika karibu na daraja la Karanga, nikaona kwa mbali baiskeli inakuja na kitu cha kijani kimefungwa kwenye usukani. Aminieli. Nikageuza. Akaniona nageuza, akaanza kukanyaga kwa nguvu, kengele juu.

"Fabian! Simama! Fabian!"

Tangu lini ananiita Fabian? Nikaongeza mwendo. Wauza ndizi kando ya barabara wakasimama.

"Kamwibia nini?" mmoja akauliza.

"Anakimbizwa na isale!" mwingine akapiga kelele. "Jamani, oneni, mtu anakimbia isale!"

"Meku, mzee wetu, utakimbia mpaka wapi? Mpaka Mombasa?"

Nilikata kushoto nikaingia kwenye mahindi makavu, baiskeli begani, mabua yananichapa usoni. Nilimsikia Aminieli amefika pale nilipoingilia, anahema. Hakuingia. Kifua kilikuwa kinambana kweli.

"Mwambie mtu wako wa darubini akutafutie nilipo!" nikamjibu kutoka ndani ya mahindi.

Akasema, bila kupaza sauti: "Wewe ni mtoto, Fabian." Nikasikia baiskeli yake inaondoka.

Nyumbani, mke wangu, Salvina, alikuwa ameshapata habari. Shirimatunda habari haiendi kwa miguu. Alinichotea mtori, akakaa mbele yangu.

"Baba Mektrida, nasikia leo umelala kwenye mahindi."

"Nilipitia."

"Nimekaa na wewe tangu nikiwa na kiuno. Umewahi kunionea wivu hata siku moja?"

"Ulinipa sababu?"

"Nilikupa. Mwalimu wa kwaya alinileta nyumbani mara ngapi? Ulikuwa unamkaribisha mbege." Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Kumbe wivu ulikuwa nao, umeuweka kwa Aminieli."

"Sirili, Mama Mektrida. Si mtu mwingine yeyote. Angempeleka yeyote, hata mgeni, hata mtoto wa shule. Amempeleka Sirili."

Hapo hakucheka. Alikuwepo uwanjani siku ile, mimba ya Mektrida tumboni. "Hilo kweli," akasema. "Hilo hakufanya vizuri." Akanyanyua bakuli langu. "Lakini usikimbie tena. Naona aibu sokoni."

Zikapita siku. Baridi iliendelea, tena ile nzuri, ya ukungu mnene, ndiyo ambayo ndege hawatoki mapema. Nilikwenda Weruweru peke yangu mara moja. Nikaangalia maji, nikaangalia njia. Juu kulikuwa na kelele za mabawa na mimi siwezi kuinua kichwa, njia imejaa mizizi. Nilipoinua nikaanguka. Nilikaa pale chini na goti linavuja damu, hondohondo wananicheka, nikafikiri: kesho namwacha anipe. Akija na jani nasimama. Nitampokea.

Hakuja yeye. Na hapo ndipo Aminieli alipofanya kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya, wala mtu wa bara kwingine kokote, ila sisi tu.

Kwa desturi, isale lako likikimbiwa, unalituma kwa mkono wa mtu mzito, mtu ambaye si rahisi kumfungia mlango. Alasiri ya Jumamosi, manyunyu yanashuka, nikasikia mlio laini wa gia nje ya ua.

"Hodi hapa! Gazeti! Upo, bosi?"

Sirili aliingia na baiskeli yake, amenenepa, kofia ya kampuni kichwani. Mkononi alikuwa ameshika isale, limefungwa fundo vizuri. Salvina akatoka jikoni akasimama mlangoni.

"Karibu," akasema, maana mgeni ni mgeni.

"Asante, mama. Sikai, mvua hii." Akanigeukia, ananyoosha jani. "Nimetumwa. Rafiki yako hali halali. Nikamwambia, jambo dogo hili, mimi na Gazeti tunajuana tangu zamani, nitalimaliza."

Sikunyoosha mkono. "Hilo ni la nani?"

"La Aminieli."

"Na lako?"

"Langu lipi?"

"Isale lako. Umepita pale mpakani, yamejaa. Ungevunja mawili."

Akacheka, akamwangalia Salvina ili wacheke pamoja. Salvina hakucheka. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Mimi nimekukosea nini, ndugu yangu?" Ndugu. Lilirudi lenyewe, kama mbwa aliyepotea.

"Umeingia hapa umeniitaje?"

"Gazeti. Si jina lako?"

"Nani alinipa?"

Nataka niwe mkweli kwa mtu huyu, maana wengi hawakuwa wakweli kwangu: alifikiri. Alikunja uso, akaangalia chini, maji yanamdondoka kwenye kofia. Alirudi nyuma kweli kutafuta. Nikamwona anatafuta na hapati kitu.

"Sijui," akasema. "Nilikukuta nalo."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa. Nilishatunga hotuba, nimezipanga, nikilala nazirudia. Nilidhani siku moja atakana, au atajitetea, au ataniambia yalikuwa maagizo ya juu. Kumbe hakuwa na lolote la kukana. Lile lililonila maisha yangu yote yeye hakuondoka nalo hata uwanjani.

"Baba Mektrida," Salvina akasema polepole. "Jani linalowa."

Kama ningelikataa, ningemkataa Aminieli, na hilo ndilo Sirili hakulijua: alikuwa ameshika roho ya mtu mwingine mkononi. Nilinyoosha mikono yote miwili. Nikalipokea kutoka kwenye mkono ule.

"Mwambie Aminieli nimepokea. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, darajani. Yeye na mimi."

"Safi! Nami nitaleta kitabu, tutaona..."

"Yeye na mimi. Wewe huna isale hapa."

Alisimama kidogo, kama anayesubiri niseme ni utani. Kisha akapanda baiskeli yake. "Haya, Gazeti," akasema, tena bila ubaya wowote, akaondoka.

Jumapili Aminieli alinitangulia darajani. Lile jaketi hakulivaa. Alikuwa na sweta lake la siku zote, lililofumwa na marehemu mama yake. Hatukusema neno juu ya yaliyopita. Ndiyo sheria. Akaniuliza goti limefanya nini, nikasema nilianguka. Akaniuliza wapi, nikasema njiani. Tukashuka kwenye njia ya ng'ombe, mimi mbele, yeye nyuma, pumzi zetu zinatoka nyeupe.

Nawaambia, kwa muda ilikuwa kama zamani. Nikamwambia mdiria yuko kwenye jiwe, mkubwa, kifua cha kutu. Akaniambia juu kushoto tai amekaa anakausha mabawa. Nikamwambia yangeyange. Akaniambia wale wa kijani, wengi, wanaruka kutoka mkuyu hadi mkuyu, mekundu, mekundu, mekundu. Niliyaona yote bila kuinua kichwa.

Halafu akasema, kwa furaha kabisa, kama mtu anayekupa zawadi: "Sirili angekuwepo angetuambia majina yao."

Nilikuwa na maneno ya kumjaza kikapu, lakini nilikuwa nimelipokea jani, kwa mikono miwili, mbele ya mke wangu. Nilijiuza mwenyewe. Nikaendelea kukanyaga. Nikawaza: yuko nyuma yangu, simwoni. Anaangalia juu, na sijui anapoangalia juu anamwangalia ndege, au anayaweka moyoni ili akamsimulie mwingine jioni.

Nikasogea pembeni. "Pita mbele," nikamwambia.

"Mimi? Mbele ni kwako."

"Goti linauma. Leo nikae nyuma."

Akapita, ananishangaa. Akashika njia vizuri tu, na baada ya muda mfupi akaanza kunisomea maji: bata wawili, kinyonga anavuka kwenye gogo, mdiria mwingine, mdogo, wa buluu.

"Na huko juu?" akauliza bila kugeuka. "Unaona nini?"

Juu kulikuwa na kelele. Matawi yalikuwa yanatikisika, kitu kizito kiliruka kutoka mti hadi mti na kivuli chake kikatupita mikononi. Sikuinua macho. Nilikuwa naangalia mgongo wake ndani ya lile sweta, jinsi shingo yake inavyogeuka, upande gani, kwa muda gani.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Endelea."